Jua Lenye Kope Tatu

Koti jeupe la Dokta lilikuwa na jino mfukoni. Jino la kutarizi, la uzi wa buluu, lenye mizizi miwili na tabasamu, kwa sababu koti lenyewe lilitoka kwenye robota la mitumba, na huko lilikotoka bila shaka lilikuwa la mtu wa kung'oa meno. Shangazi yake, fundi cherehani, alilipunguza mikono, akalibana kiunoni, kisha akaelekeza ncha ya mkasi kwenye lile jino.

"Hili niliache au nilifumue?"

"Liache, shangazi. Linaonyesha usomi."

Likaachwa. Tangu siku hiyo wenye meno mabovu walimwamini Dokta mara mbili ya wengine.

Dokta hakuwa daktari. Mtaa mzima ulijua, naye alijua, na jambo hilo halikumnyima mtu usingizi. Alipiga deki wodi za watu kwa mwaka mmoja na nusu, akapanda cheo hadi kusukuma vitanda, kisha akasoma kozi ya wauza dawa ya wiki tano. Wiki ya kwanza walifundishwa kupanga makabati. Ya pili, kuhesabu vidonge bila kuvishika kwa mkono. Ya tatu alikuwa msibani. Ya nne ilihusu mzio, yaani pale dawa inapomkataa mtu, na ya tano walipiga picha. Msomaji aishike hiyo wiki ya nne. Dokta aliihudhuria yote, tena mstari wa mbele, na mkufunzi alimsifu mbele ya darasa.

Duka alimouza dawa lilibanwa kati ya kinyozi na fundi wa kuchomelea vyuma, hivyo mteja aliyeingia na kichwa kinachomuuma alitoka nacho kikimuuma zaidi. Halikuwa lake. Lilikuwa la mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili, na kwa kuwa hakuna aliyelikumbuka jina lake la cheti, walimwita Mzee wa Misumari. Elimu yake ya tiba ilikuwa sentensi moja.

"Duka la dawa lisilo na rangi mbili ni sawa na langu lisilo na misumari. Watu waje wanunue milango, waigandishe kwa mate?"

Rangi mbili ndivyo vile vidonge vya ganda, nusu rangi hii na nusu rangi ile, ambavyo waliosoma huviita antibayotiki. Ukutani palikuwa na tangazo la serikali lililosema dawa hizo haziuzwi bila cheti cha daktari. Lilibandikwa mahali pazuri panapoonekana, halafu ikatundikwa kalenda juu yake. Wakaguzi wakija, na walikuwa watu waungwana, walipiga simu kwanza, kalenda iliteremka, wakasoma tangazo, wakaridhika kwamba lipo, wakaaga. Kalenda ikapanda tena.

Basi wateja walikuja bila cheti, na wakija na cheti ilikuwa vilevile. Aliyeandikiwa hospitali vidonge ishirini na kimoja alikikunjua cheti chake juu ya kioo, akakitazama kama mtu anayesoma menyu ya hoteli asiyoiweza, akasema, "Nipe nane kwanza." Dokta alimpa nane. Alimwambia zikiisha arudi, na hakuna aliyerudi, maana siku ya tatu maumivu hupungua na vinavyosalia huingia kwenye mkoba kungoja ugonjwa wa mtu mwingine wa nyumba ile. Wengine hata ugonjwa hawakuungoja.

"Dokta, nipatie rangi mbili nne," alisema fundi baiskeli wa kona, mkono mweusi wa grisi umeegemea kioo.

"Unaumwa nini?"

"Bado. Kesho nasafiri."

"Sasa unatibu nini?"

"Natibu safari, Dokta. Wewe nihesabie tu."

Akamhesabia. Mwanamke mmoja alivunja ganda akamnyunyizia kuku unga kwenye kidonda, na kuku alipopona alirudi dukani kutoa shukrani kwa niaba yake.

Sasa, Mzee wa Misumari alikuwa na sheria yake moja, na hiyo haikufunikwa na kalenda: bahasha isiandikwe jina la dawa. "Akilijua jina atakwenda kuinunua kwingine. Asipolijua, atarudi kwako." Zile bahasha ndogo za khaki zilikuwa na mistari ya kuandikia jina la mgonjwa, jina la dawa na tarehe, na mistari yote mitatu iliishi maisha yake meupe bila kuguswa na kalamu. Pale Dokta ndipo alipopata nafasi ya kipaji chake. Alichora. Asubuhi alichora jua linalochungulia kilimani, mchana jua zima, usiku mwezi uliolala na shuka. Wazee waliosahau miwani walielewa, wasiojua kusoma walielewa. Na jua la mchana alilipa macho mawili na kope tatu kila jicho, kwa sababu alikuwa na furaha ya kazi, na kwa sababu, tuseme ukweli, hakuna mwuza dawa mwingine aliyeweza kuchora kope. Watu waliweka zile bahasha kwenye fremu za vioo. Dokta akizipita, shingo ilirefuka kidogo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, mtu wa kawaida mwenye jino mfukoni, mpaka shangazi yake alipoparurwa mguu na kanyagio la cherehani.

Shangazi huyu hakuwa shangazi wa salamu za sikukuu. Ndiye aliyemlea. Baba alipokwenda zake, shangazi alimchukua akiwa msichana wa miaka sita, akamlaza kwenye vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia, akamsomesha kwa pindo za suruali za watu. Ada ya kozi ya wiki tano ilitoka kwenye sare za shule moja nzima, mashati mia na arobaini, na shangazi hakuwahi kuitaja isipokuwa kila alipopata nafasi.

Mkwaruzo ulikuwa mdogo, juu kidogo ya kifundo. Siku ya nne ulivimba. Dokta alimpelekea bahasha yenye vidonge sita vya nyekundu na nyeusi, akachora majua mazuri kuliko kawaida kwa kuwa ni ya nyumbani.

Kesho yake asubuhi shangazi aliingia dukani. Ilikuwa saa ya wateja, watu watano wamesimama kwenye foleni, fundi baiskeli wa kwanza. Midomo ya shangazi ilikuwa imevimba kama aliyeumwa na nyuki, na mikono yote miwili ilikuwa na mapele makubwa bapa, naye anajikuna kwa kwenda mbele.

"Mwanangu, hii dawa yako mbona inaniwasha hivi?"

Dokta alijua. Hapa hapana ubishi. Wiki ya nne nzima ilimpita machoni: midomo, mapele, acha dawa mara moja, andika kwa herufi kubwa, mwambie mgonjwa asiimeze tena maishani wala ndugu zake wa ukoo ule, kwa maana dawa zina ukoo kama watu, na mkufunzi aliwaimbisha ukoo huo mpaka wakauota. Alifungua mdomo aseme. Akaona macho tisa yanamtazama, manane na moja la fundi baiskeli aliyekuwa amefumba jingine kwa sababu ya moshi wa kuchomelea. Kusema "nimekupa dawa iliyokukataa" mbele ya watu wale kulikuwa sawa na kufumua lile jino hadharani.

"Aa, shangazi," alisema, na sauti ikatoka nzuri ajabu. "Hiyo ni dawa imeukuta ugonjwa. Wanapigana. Ukiona inawasha, ujue inafanya kazi."

Foleni nzima iliguna kwa heshima.

"Nilijua tu!" shangazi aliwaambia wale watu, akijikuna kwa fahari. "Nimemsomesha huyu!"

Dokta alimvuta pembeni, akachukua vile vitano vilivyobaki, akampa kidonge cha kutuliza muwasho, "cha kusaidia vita", na bahasha nyingine yenye rangi mbili nyingine, ya ukoo tofauti. Kwa hiyo kosa alilirekebisha. Alijiambia hivyo mchana ule, na jioni yake akajiambia tena. Kilichobaki ni ule uongo mdogo tu, na uongo mdogo una madhara gani?

Huo ulizaa. Shangazi alikuwa na wateja wa nguo, na kila aliyekuja kupimwa kiuno aliondoka na elimu. Wiki haikuisha, mwanamke muuza mkaa alisimama dukani na bahasha yake, amekunja uso.

"Dokta, hii uliyonipa mbona hainiwashi?"

"Si vizuri?"

"Vizuri wapi? Shangazi yako ilimwasha mpaka akatoka mapele. Mimi nimemeza siku mbili, hata ukucha haujasisimka. Nipe ile ya kuwasha."

Dokta alicheka. Baadaye, alipolikumbuka lile cheko, alitamani mtu angemziba mdomo kwa gundi.

Mguu wa shangazi haukucheka. Ulitulia siku tatu, ukavimba; akabadilishiwa dawa, ukatulia siku mbili, ukavimba zaidi. Vidonge sita vya hii, vinane vya ile, vinne vya ile nyingine ambayo ilikuwa imebaki chini ya chupa. Wiki ya tatu ngozi ikawa nyekundu mpaka gotini na kidonda kikaanza kutoa usaha. Asubuhi moja shangazi hakuweza kukanyaga cherehani. Alikuwa anatetemeka kwa homa huku akisema yeye mzima, ni upepo tu. Dokta alifunga duka, akamwingiza kwenye teksi. Walipofika lango la hospitali ya wilaya alivua koti, akalikunja jino likiwa ndani, akalitumbukiza kwenye mkoba.

Waliingizwa chumba namba nne. Tabibu alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, mdogo kuliko Dokta kwa miaka kumi hivi, na kikombe cha chai iliyopoa kilimshikia karatasi zisipeperuke. Dokta alimkalisha shangazi, akainua macho kutafuta pa kuweka mkoba, na akayaona.

Ukutani, nyuma ya kiti cha tabibu, palikuwa na ubao wa kubandikia matangazo. Juu yake, kwa pini, zilikuwa bahasha za khaki. Safu nne. Na kwenye kila moja jua, macho mawili, kope tatu kila jicho, yanamtazama. Juu ya ubao mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: WAGONJWA WA JUA, na chini yake, 31.

Mtu akikuta picha zake zimetundikwa ukutani hufurahi. Nusu sekunde ya kwanza, Mungu amsamehe, Dokta alifurahi.

"Mama, umetumia dawa gani mpaka sasa?" tabibu aliuliza, akiwa ameshainama kuukagua mguu.

Shangazi alimtupia Dokta jicho. Jicho lile Dokta alilijua tangu utotoni, ni lile la "wewe nyamaza, hili niachie mimi".

"Vidonge tu, mwanangu. Nilinunua njiani."

"Njiani wapi?"

"Njia ni ndefu, nitakumbuka wapi?"

Tabibu aliona ncha ya khaki ikichungulia kwenye mkoba wa shangazi, akaomba, akapewa. Akaigeuza. Akapumua kwa nguvu.

"Jua tena." Akachomoa pini mezani, akaibandika bahasha ubaoni. Akaifuta 31, akaandika 32. "Mama, nikimpata mtu huyu!"

"Utamfanya nini?" aliuliza shangazi, sauti imekaza kidogo.

"Nitamkalisha kwenye hicho kiti anisomee hizi bahasha, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja yenye jina la dawa. Mtu anakuja hapa amemeza vitu vitatu, vinne, vyote nusunusu, vijidudu vimeshazoea kila kitu, mimi namtibu kwa kupiga ramli. Anachora vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru, mama?"

"Kunidhuru? Hata moja. Dawa na mimi ni marafiki."

Tabibu akaandika. Dokta alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama majua, majua yakamtazama. Akajisemea, ngoja kwanza niione hiyo dawa, huenda ni ya ukoo mwingine, huenda sina haja ya kusema lolote.

Shangazi alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alimkabidhi Dokta cheti. "Kalipie dirisha la dawa, ulete haraka. Sindano ya mshipa. Mguu ule hauna subira."

Dokta alikisoma cheti akitembea. Dawa ilikuwa ya ukoo uleule, damu moja na vile vya nyekundu na nyeusi, tofauti yake hii ilikuwa kaka mkubwa, na haipiti tumboni bali inaingia moja kwa moja kwenye damu. Kidonge kimoja kilimvimbisha shangazi midomo. Hii ingeweza kumfunga koo.

Kwenye dirisha la dawa kulikuwa na foleni. Alisimama. Mbele yake mwanamume mmoja alikuwa akimweleza mtu wa dirishani kwamba ana pesa za sindano mbili kati ya kumi, na je, hizo mbili zitasaidia kitu? Mtu wa dirishani hakujibu. Dokta alilijua lile swali kwa moyo. Yeye alikuwa akilijibu kila siku kwa "sawa".

Ndipo akili yake, ambayo ilikuwa kali kila ilipohusu kukwepa, ikamletea njia. Hakuna haja ya kusema. Arudi aseme dawa hiyo hakuna. Tabibu ataandika nyingine, mambo yatakwisha, na jua litabaki jua la mtu asiyejulikana. Akatoka kwenye foleni, akakikunja cheti vipande vinne, akakisindikiza kwenye mkoba kikalale na koti.

"Wamesema hakuna," alimwambia muuguzi.

"Hakuna nini?"

"Hiyo dawa. Imeisha."

Muuguzi alimkodolea. "Asubuhi hii nimesaini katoni mbili mimi mwenyewe. Umeuliza dirisha gani wewe, la chai?" Akasonya, akafungua kabati la wodi, akatoa kichupa. "Basi tunatumia ya akiba, utalipia mchana. Mgonjwa hawezi kungojea watu wasiojua kuuliza."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii haikufika hata mlangoni. Alitaka kuichelewesha sindano, na sasa ndiyo kaileta mbio. Muuguzi aling'oa kifuniko, akavuta maji kwa bomba la sindano, akayaingiza kwenye unga wa kichupa, akatikisa. Shangazi alinyoosha mkono kwa utii, akimwambia mwanamke wa kitanda cha jirani, "Huyu mtoto wangu naye ni mtu wa dawa. Amesomea."

Povu lilitulia ndani ya kichupa. Muuguzi akafunga mpira mkononi mwa shangazi, akapigapiga mshipa.

"Subiri," alisema Dokta.

"Nisubiri nini?"

"Ana aleji."

"Ameulizwa. Hana."

"Sina," alisema shangazi.

"Unayo, shangazi. Ile iliyokuwasha."

"Ile si ilikuwa inafanya kazi?"

Wodi ilinyamaza, kwa namna ile ya wodi kunyamaza wagonjwa wanaposikia cha kuwasahaulisha maumivu. Dokta alihisi masikio yanawaka. Angepewa nafasi ya kuingia chini ya kitanda akakae na beseni, angeingia.

"Haikuwa inafanya kazi. Ilikuwa inakukataa. Nilijua siku ileile. Nilidanganya kwa sababu watu walikuwa wengi."

Kisha mwanamke wa kitanda cha jirani akajiinua kwa kiwiko. Alikuwa yule muuza mkaa, amekonda hata Dokta hakuwa amemtambua.

"Kumbe!" alisema. "Na mimi nimelala hapa siku sita najilaumu kwamba yangu haikuwasha!"

Mgonjwa mmoja mwishoni mwa wodi alicheka, akapaliwa na kikohozi. Muuguzi alikuwa ameshaifungua ile kamba ya mpira. Akaiweka sindano kwenye sahani polepole kama mtu anayetua yai, akatoka kumwita tabibu.

Tabibu alikuja. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Wewe umejuaje alichomeza?"

"Mimi ndiye nilimpa."

"Umpe wewe vipi? Bahasha ni ya..." Akamtazama Dokta usoni, kisha mikononi, kama mtu anayetafuta wino. "Ni wewe?"

"Jua ni langu."

Akaulizwa, akataja: ya kwanza hii, kidonge kimoja, ilimletea midomo na mapele, ya pili hii, sita, ya tatu hii, nane, ya mwisho vinne. Tabibu aliandika kila kitu. Kwa wino mwekundu akaandika MZIO juu ya faili, kwa herufi kubwa kama walivyofundishwa wiki ya nne. Akachagua dawa ambayo shangazi hakuwahi kuionja wala haihusiani na ukoo ule, akamwagiza muuguzi achukue usaha wa maabara kwanza. Dokta alikwenda dirishani mwenyewe, akasimama kwenye foleni mpaka mwisho, akalipia dozi kamili. Mfukoni haikubaki hata nauli. Alipoileta, ikachomwa, na wote wakaitazama midomo ya shangazi kwa muda mrefu. Midomo haikuvimba. Ilikuwa imekazwa tu.

"Njoo," alisema tabibu.

Chumba namba nne. Akaushusha ubao wote, akaulaza mezani, akasogeza kikombe cha chai, akamvutia kiti. Akampa kalamu.

"Andika chini ya kila jua kilichokuwa ndani. Barua ya wakaguzi nitaiandika jioni, nisikufiche. Lakini hili kwanza. Baadhi yao bado wako wodini kwangu."

Dokta alianza. Bahasha ya kwanza aliikumbuka, ilikuwa ya fundi baiskeli, kalamu ilikuwa inavuja siku ile. Akaandika. Ya muuza mkaa aliikumbuka, akaandika. Ya nne alikumbuka kikohozi cha mtu, ila si dawa. Ya tano alikumbuka hata furaha yake mwenyewe, jinsi kope zilivyotoka nyembamba vizuri na mteja akamsifu; mteja ni nani, vidonge gani, vingapi, kiza.

"Hii sikumbuki."

"Andika hivyohivyo."

Akaandika: sijui. Aliandika kwa mwandiko mzuri, maana mwandiko mbaya hakuwa nao. Akaenda safu kwa safu. Tabibu hakumharakisha, alikaa pale akinywa chai yake baridi, na kila Dokta alipotafuta pa kuomba huruma alikuta macho yenye kope tatu tu. Bahasha thelathini na mbili. "Sijui" ishirini na moja.

Alirudi wodini. Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, mguu umeinuliwa. Hakumwangalia. Alikuwa akitazama nje, kwenye kamba ya nguo za wagonjwa, kwa jicho la fundi.

"Pindo la lile shuka limeshonwa ovyo," alisema.

"Shangazi..."

"Siku tatu nilijikuna nikifurahi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mapele yakipungua nikasikitika, nikasema vita inaisha mapema. Nilimwambia kila mtu. Nimewaambia watu wangapi mimi?"

Muuza mkaa kwenye kitanda cha jirani alijifanya amelala. Dokta alitaka kulia, akaona hata hilo lingekuwa kujipendelea.

"Leo ulisema," shangazi aliendelea. "Kwa kuchelewa, lakini ulisema. Sikusifu. Natoa taarifa tu. Hilo koti umelificha wapi?"

"Kwenye mkoba."

"Lete."

Alilitoa, limekunjamana, cheti kilichokunjwa vipande vinne kikaanguka sakafuni. Shangazi alikiona, hakuuliza. Alichomoa sindano ambayo tangu Dokta alipokuwa mtoto ilikaa ndani ya pindo la kitambaa chake cha kichwa, sindano ya kushonea, nyembamba, akaitia kwenye uzi wa buluu na kuanza kufumua. Alianza na tabasamu, kisha mizizi. Uzi ulitoka taratibu, akiuviringisha kidoleni usipotee, kwa kuwa fundi hatupi uzi.

Jino likaisha. Akalinyoosha koti juu ya goti zima, akapiga pasi kwa kiganja. Mfukoni palibaki matundu madogomadogo ya sindano, mengi, yamejipanga kwa umbo la jino, na ukilishika koti kwenye mwanga wa dirisha uliliona jino lote.

"Haya hayafutiki," alisema shangazi, akamrudishia.

Dokta alilipokea. Hakulivaa. Alilishika mapajani, kidole gumba juu ya matundu, akakaa kwenye kiti cha wageni kungoja saa ya sindano ya pili.